Mashotistopu Watatu na Kiti Kimoja

Kosa langu la kwanza katika besiboli lilikuwa kuwapanga mashotistopu thelathini na wawili, kuanzia aliye bora hadi aliye duni, kwa kigezo ambacho ligi yetu haikukihesabu kabisa. Kazi hiyo ilinichukua majira mazima ya baridi. Niliifanya kwa rula na kalamu za rangi tatu.

Nieleze kidogo, maana hata mimi ilibidi nielezwe. Shotistopu ni mchezaji anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu, mahali ambapo mpira uliopigwa hupenda kupita. Anauzuia, anaurusha, na mkimbiaji anatolewa kabla hajafika. Besi ni vituo ambavyo mkimbiaji huvizunguka hadi arudi alikoanzia, panapoitwa nyumbani; akiikimbilia inayofuata kabla mpira haujapigwa, ameiba besi. Ligi yetu haikuwa ya kucheza. Sidhani kama kuna hata mmoja wetu aliyemiliki glavu. Ilikuwa ligi ya fantasi. Watu kumi mnakaa pamoja mwezi wa tatu, mnagawana kwa zamu wachezaji wa kweli, kila mtu anaandika timu yake kwenye karatasi, na tangu Aprili hadi mwisho wa msimu wanachofanya wachezaji wako viwanjani kinaingia kwenye hesabu yako. Hawakujui. Lakini mmoja wao akiteguka kidole, wewe ndiye unayekosa hamu ya kula.

Aliyeianzisha alikuwa dereva wa teksi, Mkenya wa makamo, aliyejifunza besiboli kutoka kwa abiria wa uwanja wa ndege. Alisema Mmarekani humwongeleshi siasa wala dini, lakini ukimuuliza habari za mchezo wa jana hashuki garini mpaka amalize. Sisi wote tulimwita Mwenyekiti, kwa sababu ligi ilikuwa na mwenyekiti. Ilikuwa na katibu pia, na ajenda, na dua ya kufungua na sala ya kufunga, na kipengele cha mengineyo. Watu wetu hawawezi kukusanyika mara ya pili bila kuchagua katibu. Tulikutana Jumapili mbili kila mwezi katika chumba cha mikutano cha jengo la fleti, upande wa magharibi wa mji wa Alexandria, Marekani, baada ya watu wa kanisani kutoka kanisani na sisi wengine kumaliza adhuhuri. Palikuwa na chai ya maziwa na mandazi, na yeyote aliyechelewa alitakiwa kusimama na kueleza.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwaka wa pili Marekani, na nilikuwa nakata tiketi kwenye maegesho ya chini ya hoteli moja. Nilikaa kwenye kibanda cha kioo. Watu niliopanga nao nyumba walifanya kazi saa ambazo mimi nilikuwa nyumbani, na mimi saa ambazo wao walikuwa nyumbani, hivyo tulijuana kwa vyombo tulivyoachiana kwenye sinki. Kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi hapakuwa na mtu aliyeniuliza jambo lolote isipokuwa njia ya kutokea. Jumapili moja nilipita mlangoni pa kikao cha ligi, na mtu aliniuliza kama nimekula. Ndiyo maana niliposikia kuna kiti kimoja kilichoachwa na mtu aliyehama, ambacho kwa desturi Mwenyekiti humpa amtakaye bila kufuata foleni, nilikiomba kama mtu anayeomba viza.

Na katiba ya ligi ilisema hivi: atakayemaliza msimu akiwa wa mwisho anakabidhi kiti chake kwa aliye wa kwanza kwenye foleni ya wanaosubiri, naye anarudi nyuma ya foleni. Msubiri wa kwanza tu ndiye aliyeruhusiwa kuhudhuria vikao. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni, akala, lakini hakuwa na sauti. Nyuma yake walikuwepo wengine watatu. Nilipiga hesabu usiku huohuo nilipokubaliwa: nikiwa wa mwisho, itapita miaka minne kabla sijapata tena kiti changu kwenye kile chumba.

Kwa hiyo nilijiandaa. Nilijifundisha mwenyewe, kwa vitabu vya maktaba na kwa redio ndogo iliyokuwa kibandani. Jiji kubwa la jirani lilikuwa limerudishiwa timu ya besiboli baada ya miaka mingi, na matangazo yalikuwa kila mahali. Nilianza na mashotistopu kwa sababu kitabu kimoja kilisema ni wachache walio bora, na anayekosa mmoja mapema anajuta. Basi nikasikiliza marudio ya michezo ya mwaka uliotangulia, nikasoma, nikaandika. Tatizo ni kwamba redioni huoni kitu. Unamjua mchezaji kwa kelele anazosababisha. Shotistopu akijirusha, akadaka mpira akiwa hewani, akaurusha akiwa magotini, mtangazaji alipandisha sauti hadi kioo cha kibanda kikatetemeka, nami nikampa nyota. Aliyepiga mpira vizuri alisemwa kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma bei ya nyanya. Isitoshe, mimi nimekulia kwenye mpira wa miguu. Kwetu beki asiyepitika ndiye anayeheshimiwa mtaani hata baada ya kustaafu. Haikunijia kabisa kwamba mtu anaweza kumchagua mlinzi bila kuhesabu ulinzi wake.

Nilijitolea pia kuiandika upya katiba ya ligi kwenye kompyuta ya maktaba, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa na kurasa mbili zilizopachikwa kichwa chini. Nilipanga vifungu, nikaweka vinyota pembeni, nikanyoosha mistari. Hilo nalo nitalirudia, kwa aibu.

Siku ya uteuzi tulipiga kura za karatasi ndani ya kofia ya mtu, nikapata nafasi ya saba. Utaratibu ni kwamba mnateua kutoka wa kwanza hadi wa kumi, kisha mnarudi kutoka wa kumi hadi wa kwanza, hadi timu zijae. Kila mtu alipewa dakika mbili, zikimwishia zamu inampita. Aliyezipima alikuwa muuguzi wa Kikenya aliyekuja kutoka Beltsville, mama wa watoto wanne, bingwa mara mbili, ambaye wote tulimwita Sista. Alikuwa na ile saa ya wauguzi inayobandikwa kifuani, na aliiangalia kama vile sisi sote tulikuwa na mapigo ya moyo yasiyoridhisha.

Zamu yangu ilipofika nilisimama. Wengine hawakuwa wamesimama.

"Naomba kumteua," nikaanza, nikamtaja shotistopu wangu wa kwanza.

"Unamwomba nani?" Sista akauliza. "Hapa hauombi, unachukua."

"Ni adabu tu, Sista."

"Ni Tanzania. Nyinyi mnaomba hata kitu si cha mtu. Haya, umechukua nani? Rudia, nilikuwa natafuna."

Nikarudia. Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta kwa tai yake ya kanisani.

"Kijana, uko na uhakika?"

"Ninao, Mwenyekiti. Nimefanya utafiti."

"Amefanya utafiti," Mwenyekiti akamwambia katibu. "Andika."

"Andika polepole," Sista akasema. "Hiyo nataka tukija kuisoma, isomeke."

Niliyachukua maneno yao kuwa ni wivu. Nilipofikiwa tena, wapigaji wakubwa wote walikuwa wamekwisha kuchukuliwa, lakini kwenye daftari langu shotistopu wa pili kwa ubora alikuwa bado yupo. Nilijisikia kama mtu aliyeingia sokoni akakuta wauzaji wamesinzia. Nikamchukua. Mzunguko wa tatu ulipofika, wa tatu naye yupo. Nilijua timu inahitaji shotistopu mmoja tu, na wa pili anaweza kuwekwa nafasi ya ziada, na wa tatu atakaa benchi. Lakini kumwachia mtu mwingine hazina ile kuliniuma. Nikamchukua pia.

"Huyu anafungua shule ya mashotistopu," fundi mmoja wa viyoyozi kutoka Manassas akasema, Mtanzania mwenzangu, nikaona kama amenisaliti.

"Mwacheni," Mwenyekiti akasema. "Analinda mpaka."

Kwenye kiti cha mlangoni alikaa msubiri wa kwanza, mzee wa Kikongo kutoka Bukavu aliyefanya kazi ya kufua mashuka kwenye hoteli. Alikuwa amefika kila kikao tangu Oktoba, na shati lake limepigwa pasi. Nilipomtaja shotistopu wa tatu aliacha kutafuna, akanitazama, kisha akatabasamu kwa upole kama mtu aliyeoneshwa chumba atakachopangishwa.

Tulipokuwa tunakunja viti Sista alinisogelea.

"Umesoma katiba?"

"Mimi ndiye niliyeiandika upya, Sista."

"Sikuuliza kama umeiandika."

Niliitikia kwa heshima na sikumwelewa. Nilimwelewa baada ya wiki tano. Wiki hiyo shotistopu wangu wa kwanza aliruka juu, redio ikapiga kelele hadi mteja mmoja akaniuliza kama kuna ajali, nami nikaenda kuangalia msimamo uliobandikwa na Mwenyekiti kwenye ukuta wa chumba cha kufulia, kati ya mashine na tangazo la paka aliyepotea. Nilikuwa wa kumi. Siyo wa kumi kwa bahati mbaya. Wa kumi kwa mbali. Mtu mwenye akili angeuliza. Mimi niliandika rufaa. Ilikuwa na kurasa nne na kiambatisho, ikidai kwamba kuna makosa ya kujumlisha.

Mwenyekiti aliiweka kwenye ajenda. Aliisoma ukurasa wa kwanza wote kwa sauti ya hakimu, hakucheka hata mara moja, kisha akamgeukia Sista.

"Hebu msomee kifungu cha saba."

Sista akafungua katiba. "Kwa wapigaji, vitakavyohesabiwa ni vitano tu," akasoma. "Wastani wa kupiga. Mipira iliyovuka ukuta. Wenzake aliowaingiza nyumbani. Mara alizoingia nyumbani mwenyewe. Besi alizoiba." Akainua macho. "Kudaka kuko wapi?"

Nikaangalia nakala yangu. "Hakuko."

"Kuruka kuko wapi?"

"Hakuko, Sista."

"Na hizi nyota ndogo ndogo hapa kando, nzuri hivi, ni nani aliweka?"

"Ni mimi."

"Kijana," Mwenyekiti akasema, na sasa aliyesema hakuwa hakimu, alikuwa baba wa mtu, "umeajiri walinzi watatu kwa nyumba haina kitu ndani."

Walicheka hadi chai ikamwagika. Nakumbuka kwamba nilichofikiria wakati ule hakikuwa timu. Nilifikiria jinsi kifungu cha saba kilivyonichukua karibu saa mbili, nikisogeza mistari mitano hiyo kushoto na kulia ili ianzie mahali pamoja. Nilikuwa nimekiandika neno kwa neno, na sikuwa nimekisoma.

Baada ya hapo kila Jumapili mzee wa Bukavu alinipokea mlangoni kwa mikono miwili.

"Petit," alikuwa ananiita hivyo, yaani mdogo wake, kwa Kifaransa cha kwao, "bagonjwa bako banaendelea aje?"

"Mashotistopu wanaendelea, mzee."

"Mungu ni mukubwa," anasema, kisha anakaa kwenye kiti chake na kuweka mandazi mawili kwenye leso.

Sikuweza kumchukia. Nilijaribu. Alikuwa mtu mwema anayesubiri nianguke, kama watu wema wanavyosubiri basi.

Nilihangaika kubadilishana. Nilimpa Sista mashotistopu wawili kwa mpigaji mmoja, akasema ana watoto wa kutosha. Nilimwandikia fundi wa Manassas barua ndefu iliyoeleza kwa nini angefaidika kuliko mimi, akajibu kwamba mtu akimweleza sana jinsi atakavyofaidika yeye hushika mfuko. Kisha mwezi wa nane Mwenyekiti mwenyewe alinipigia simu kibandani. Alikuwa na mpigaji wa ziada, mtu wa besi ya kwanza anayepiga mipira hadi nje ya uwanja, na alikuwa tayari kumtoa kwa shotistopu wangu wa pili, ambaye wiki zile alikuwa ameanza kuiba besi kidogo.

"Chukua huyu," akasema. "Unamhitaji kuliko mimi."

Alikuwa ananionea huruma na nililijua hilo. Mtu mwingine angesema asante. Mimi niliomba siku tatu. Nilitaka kuangalia jinsi mpigaji huyo anavyocheza ugenini, na kwenye joto, na dhidi ya warushaji wanaotumia mkono wa kushoto. Nilitengeneza jedwali la maswali kumi na moja. Siku ya tatu, nikiwa nimebakiza maswali mawili, nilimpigia.

"Nilimpatia fundi jana," Mwenyekiti akasema. "Yeye hakuuliza kitu."

Fundi ndiye aliyekuwa wa tisa.

Jumapili ya mwisho ya msimu nilikuwa kazini, na redio iko sikioni. Ili nimpite fundi nilihitaji besi mbili ziibwe na yeyote kati ya watu wangu. Ilipofika jioni hakuna aliyeiba hata kijiko. Lakini shotistopu wangu wa kwanza alidaka mpira mmoja akiwa amelala chini kabisa, na mtangazaji alipaza sauti kuliko siku zote za mwaka ule. Nilizima redio, nikamkatia tiketi mama mmoja mwenye gari jekundu, nikamtakia jioni njema.

Makabidhiano yalifanyika Oktoba. Fomu niliiandika mimi, kwa kuwa ndiyo kazi niliyokuwa nimejipa, na ilikuwa safi. Mzee wa Bukavu alisaini taratibu, herufi moja moja, kisha akakaa kwenye kiti changu kwa uangalifu kama mtu anayeogopa kukiumiza. Msubiri mwingine akakaa mlangoni. Sista alinifungia mandazi kwenye karatasi ya alumini.

"Na si ati umekufa," akasema. "Umeenda nyuma ya laini tu."

"Ni miaka minne, Sista."

"Ulihesabu?"

"Ndiyo."

"Bila shaka ulihesabu."

Majira hayo ya baridi Jumapili zilikuwa ndefu. Nilienda maktaba, nikarudi, nikaosha vyombo ambavyo havikuwa vyangu. Sikupanga shotistopu yeyote. Kisha siku moja mwishoni mwa mwezi wa pili simu ililia, na alikuwa mzee wa Bukavu.

"Petit, tarehe ya kuchagula inafika," akasema. "Miye hawa batu siwajue."

"Mwaka mzima ulikuwa unahudhuria, mzee."

"Nilikuwa naangalia weye. Banaucheza namna gani, sikuangalia."

"Lakini mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho."

"Njo maana. Weye unajua shimo iko wapi. Bengine banapita pembeni, habaijue."

Nilianza kutafuta sababu ya kukataa iliyo kamili. Sikuipata kwa haraka, na yeye hakungoja.

"Jumapili nakupitia," akasema, akakata simu.

Tuliingia pamoja. Sista alinitazama kuanzia viatu.

"Huyu ameingia kama nani?"

"Kama mshauri," nikasema. "Katiba haikatazi mwanachama kuja na mshauri."

"Na katiba ni nani aliandika?"

Chumba kizima kilijua nani aliandika. Mwenyekiti alisubiri kicheko kiishe, akapima jambo hilo, akaamua kwamba niandikwe mshauri, nikae nyuma ya mzee, na nisiseme lolote isipokuwa kwenye sikio lake. Nikaletewa kiti.

Mizunguko minne ya kwanza tulichukua wapigaji. Wa tano ulipofika nilimnong'oneza kwamba sasa ni wakati wa shotistopu. Nilikuwa nimekuja na majina matano tu, kwa vile vitano vinavyohesabiwa, na nilianza kumweleza: wa kwanza anapiga lakini haibi besi, wa pili anaiba lakini goti lake, wa tatu hana kasoro kubwa ila umri, ingawa ukiangalia miezi ya joto...

Mzee akainua mkono. "Tunabeba ule wa tatu," akakiambia chumba.

"Nilikuwa sijamaliza," nikamnong'oneza.

"Najua. Ungemaliza, bangemubeba."

"Sekunde arobaini," Sista akasema, akiangalia saa yake. "Nyinyi wawili mkitengwa mmoja atakufa kwa kuuliza na mwingine atakufa kwa kutouliza."

Tulimaliza msimu tukiwa wa sita. Mwaka uliofuata tulikuwa wa nne, na jina langu halikuwahi kutolewa nyuma ya foleni wala kusogezwa mbele. Hakuna aliyejua tena liko wapi.

Tangu hapo sijapanga orodha peke yangu. Naandika majina matano, nampigia mzee simu, tunabishana kama nusu saa, kisha yeye anachagua. Nami nikiandika kitu siku hizi, nakisoma kwanza kabla sijanyoosha mistari.